Simba Hana Upande

Kijana mmoja wa kabila la Dani alikuwa akishuka kwenda Timna, mji wa Wafilisti, kwa mambo ya uchumba. Baba na mama yake walikuwa safari moja naye, ila yeye alikuwa amejitenga kidogo. Alipofika penye mashamba ya mizabibu, mwanasimba akamtokea akinguruma. Kijana hakuwa na mkuki wala rungu. Akamkamata kwa mikono mitupu, akamrarua kama mtu anayerarua mwanambuzi. Kisha akashika njia yake, na wazazi wake hakuwaambia neno.

Jina lake Samsoni, na habari zake zimo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 14. Wasimulizi wengi wakifika hapo kwenye kuraruliwa kwa simba hufunga kitabu, watoto wakalale. Mimi siwaachi bado, wajukuu zangu, maana utamu wa hadithi hii uko mbele, na nikisema utamu nina maana ya utamu wa kulamba.

Siku zikapita. Samsoni akarudi kwa njia ileile, safari hii kwenda kuoa. Akachepuka kumtazama simba wake, akakuta nyuki wamefanya makao ndani ya mzoga na asali imejaa. Akachota kwa viganja, akawa anakula huku anatembea, akawafikia wazazi wake akawapa nao wakala. Hakuwaambia imetoka wapi. (Mama yangu mzazi asingelamba hata tone kabla ya kuniuliza maswali, lakini mama Samsoni alikula.)

Arusi ilikuwa ya siku 7, na vijana 30 wa Kifilisti wakaletwa wakae na bwana arusi. Samsoni akawategea kitendawili. Ninyi mnaijua desturi yetu: ukisema "Kitendawili!" wenzako huitikia "Tega!", na wakishindwa unawaambia "Nipeni mji." Watakupa Mombasa au Mwanza, utauzunguka mji wako ukila vinono vyake, kisha utatoa jibu. Samsoni hakutaka mji. Alitaka mavazi 30 ya kitani na mavazi 30 mengine ya kubadilisha, na wao wakikitegua, yeye ndiye atakayelipa kiasi hichohicho. Alichowauliza ni hiki kwa ufupi: imekuwaje mlaji akatoa chakula, na mwenye nguvu akatoa kitu kitamu?

Wakahangaika, hawakupata. Wakamwendea bibi arusi kwa siri, wakamtisha kwamba watamchoma moto yeye na nyumba ya baba yake asipolichunguza jibu. Yule binti akamlilia mumewe, akalia, akalia, mpaka siku ya saba Samsoni akachoka akamwambia. Kabla jua halijatua vijana wakaja na jibu: hakuna kitamu kupita asali, hakuna mwenye nguvu kupita simba.

Litazameni jibu hilo. Wafilisti na Waisraeli hawakuelewana kwa mengi. Waligombania ardhi, waligombania chuma, waliabudu tofauti. Lakini juu ya jambo hili hapakuwa na ubishi: ukitafuta kipimo cha nguvu, kipimo ni simba. Na tazameni jingine pia. Mtu aliyemmaliza simba kwa mikono mitupu ameshindwa na machozi ya mkewe kabla karamu haijaisha. Jinsi alivyolipa lile deni la nguo si habari ya kuchekesha hata kidogo, maana alikwenda mji wa Ashkeloni akaua watu 30 akawavua zao. Nguvu alikuwa nazo. Kitu kingine kilikuwa pungufu.

Sasa yupo mwenye akili kati yenu anayeniuliza: "Babu, simba si wa kwetu Afrika? Walifikaje huko kwa akina Samsoni?"

Hawakufika, mjukuu wangu, walikuwepo. Zamani simba walikaa nchi nyingi nje ya Afrika: Uturuki ya leo, Shamu, Iraki, Uajemi, mpaka Bara Hindi. Katika nchi ya Israeli walijificha kwenye vichaka vizito vya bonde la Yordani, na nabii Yeremia anawataja wakipanda kutoka huko kuelekea malishoni. Wengine walikaa milima ya Bashani. Waliwindwa, vichaka vikakatwa, na tangu Zama za Kati hawaonekani tena katika nchi ile. Simba wa Asia waliobaki mwituni leo wapo sehemu moja tu duniani, msitu wa Gir na maeneo yanayouzunguka, katika jimbo la Gujarat nchini India. Dume wa huko ana manyoya machache shingoni kuliko dume wa Serengeti, hata masikio yake huonekana vizuri, na ngozi ya tumbo lake ina mkunjo ulioning'inia.

Kwa hiyo walioandika Biblia hawakumjua simba kwa picha ya jezi wala ya noti. Simba alipotajwa, msikilizaji alimkumbuka kondoo aliyepotea wiki iliyopita, na mchungaji aliyerudi na damu kwenye kanzu. Kijana mchungaji Daudi alipoomba kupigana na Goliathi, shujaa wa Wafilisti, mfalme Sauli alimtazama akamwona mtoto. Daudi hakuwa na vita vya kujisifia, kwa sababu hakuwahi kwenda vitani. Alichofanya ni kumweleza mfalme kazi yake ya kila siku: kwamba simba au dubu akija kuchukua mwanakondoo, yeye humfuata, humpiga, humtoa kondoo kinywani, na mnyama akimgeukia humshika ndevu na kumuua. Sauli alikuwa mfalme wa wafugaji. Alielewa mara moja, akamruhusu. Baadaye Daudi alikuwa na shujaa aitwaye Benaya mwana wa Yehoyada, ambaye siku ya theluji alishuka ndani ya shimo alimokuwa simba, akamuua humohumo. Katika utawala wa Sulemani mtu huyo alifanywa mkuu wa majeshi, wala sishangai.

Lakini anayenifurahisha mimi kuliko mashujaa wote ni Amosi. Alikuwa mfugaji wa Tekoa, kusini ya Bethlehemu, kwenye ukingo wa jangwa, na tena alitunza mikuyu. Unabii hakuusomea. Alihubiri katika karne ya 8 kabla ya Kristo, wakati Yeroboamu wa Pili akitawala Israeli ya kaskazini, na matajiri wa huko wakijinyosha juu ya vitanda vilivyopambwa kwa pembe za ndovu. Amosi alipotaka kuwaeleza watakavyobaki baada ya maangamizi, aliwaambia juu ya mchungaji anayemnyang'anya simba miguu miwili ya kondoo, au kipande cha sikio.

Kipande cha sikio! Kina faida gani? Hakishibishi, wala huwezi kukirudisha kwa kondoo. Jibu liko katika sheria. Mchungaji alichunga mali ya mtu mwingine, na mnyama akipotea angeweza kudaiwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinasema kwamba mnyama akiraruliwa na mnyama wa mwituni, mtunzaji alete mabaki yawe ushahidi, naye hatalipa. Hata Babeli, karibu miaka 1,000 kabla ya Amosi, sheria za mfalme Hammurabi ziliweka kwamba simba akiua zizini, mchungaji ajitakase kwa kiapo na hasara iwe ya mwenye mifugo. Basi lile sikio lilikuwa la kumwonyesha tajiri: sikumuuza kondoo wako, sikumla, aliyemla ni yule. Amosi aliwatangazia wakubwa wa Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, kwamba kitakachobaki kwao kitafanana na sikio hilo, kinathibitisha tu kwamba kundi limekufa. Maneno makali, na ni mfugaji pekee angeyapata.

Kuna mahali pengine Amosi anauliza kama simba hunguruma msituni hali hajapata mawindo. Watu wanaoishi jirani na mbuga wanalijua jibu. Simba anayewinda hakohoi. Hunyemelea, tumbo karibu liguse ardhi, na wazee wetu wakasema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mngurumo wake, ambao usiku mtulivu husikika hata umbali wa kilomita 8, ni wa kujulisha wenzake alipo na kuwaonya wageni kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Kwa mtu wa Tekoa aliyelala na kondoo wake, kuusikia mngurumo kulimaanisha kwamba jambo limekwisha kutokea. Ndiyo maana akasema simba amenguruma, nani ataacha kuogopa, na Mungu amenena, nani ataacha kutabiri?

Mwaka 1904 wachimbaji wa mambo ya kale huko Megido walipata muhuri mdogo wa jiwe uliochorwa simba anayenguruma, na juu yake maandishi yanayosema ni wa Shema, mtumishi wa Yeroboamu. Wataalamu wengi wanaona kwamba Yeroboamu huyo ni yule wa wakati wa Amosi. Muhuri wenyewe ulipelekwa Istanbul ukapotea, tumebakiwa na nakala iliyotengenezwa kwa kuukandamiza. Fikirini basi: ofisa wa serikali anagonga simba kwenye barua zake ili watu wajue ukubwa wa bwana wake, na wakati huohuo mfugaji kutoka kusini anasimama kwenye hekalu la Betheli kusema kwamba yuko simba mwingine, na serikali hiyo ndiyo mawindo. Kuhani wa Betheli akamfukuza, akamwambia arudi kwao akatabiri huko.

Betheli hiyohiyo ina simba wake mwenyewe, tena wa ajabu kuliko wote katika Biblia nzima. Yumo katika 1 Wafalme, sura ya 13, zamani za Yeroboamu wa Kwanza. Mtu wa Mungu, jina lake halitajwi, alitoka Yuda kwenda kuikemea madhabahu ya Betheli. Alikuwa na maagizo matatu: asile huko, asinywe huko, asirudi kwa njia aliyojia. Mfalme mwenyewe alimkaribisha chakula, akakataa. Lakini njiani akafuatwa na nabii mzee wa Betheli, akamdanganya kwamba malaika ameagiza arudi ale. Akarudi, akala. Alipoondoka juu ya punda, simba akamkuta barabarani akamuua.

Sasa sikilizeni sawasawa. Watu waliopita njiani waliona maiti imelala chini, punda amesimama ubavuni, na simba amesimama ubavuni. Simba hakuila maiti. Hakumgusa punda. Punda naye hakukimbia. Yule nabii mzee alipoletewa habari akatandikiwa punda, akaenda, akawakuta bado wamesimama. Akampandisha marehemu juu ya punda, akarudi naye akamzika katika kaburi lake yeye mwenyewe, na simba akamtazama tu.

Mimi hadithi hii sijapata kuizoea. Nguvu za simba zote zinajulikana: njaa, kucha, hasira. Huyu amefanya kazi moja aliyotumwa, halafu amesimama kama askari wa zamu anayengoja ruhusa. Aliyeiandika alitaka tuone kwamba mnyama alitii kuliko nabii.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Watu wakisema "simba ni ishara ya nguvu" hufikiri wamemaliza, kumbe wamesema nusu. Nguvu ya simba katika Biblia haina upande. Wakati mmoja iko kwa Mungu, wakati mwingine kwa adui, na kila mwenye cheo aliitaka iwe yake.

Kabila la Yuda lilipewa simba na Yakobo mwenyewe, akiwa kitandani huko Misri akiwabariki wanawe 12. Akamfananisha Yuda na mwanasimba aliyeshiba, amejilaza, hakuna anayethubutu kumwamsha. (Musa baadaye alimwita Dani naye mwanasimba, kwa hiyo pale Timna walikutana simba wawili.) Daudi alitoka Yuda, na mwanawe Sulemani akajitengenezea kiti cha enzi cha pembe za ndovu kilichofunikwa dhahabu. Kilikuwa na ngazi 6, na simba wa sanamu kila upande wa kila ngazi, ambao ni 12, na wengine wawili kando ya mikono ya kiti. Jumla simba 14. Mwandishi anasema hakuna ufalme uliokuwa na kiti kama hicho, nami naamini. Ila Sulemani alipokufa makabila 10 yalimkimbia mwanawe, na simba wote 14 hawakuweza kulizuia hata moja.

Wafalme wa Ashuru walikwenda mbali zaidi. Simba kwao alikuwa wa kuuawa na mfalme mbele ya watu, ili ionekane nani mwenye nguvu. Kasri la Ashurbanipal kule Ninawi lilichongwa ukutani mawindo hayo, na mawe yenyewe sasa yako British Museum, London: simba anafunguliwa kutoka kwenye kizimba, mfalme anamngoja na upinde. Kuna simba jike mmoja pale, mishale imemwingia mgongoni, miguu ya nyuma imekufa, anajivuta kwa ya mbele na bado ananguruma. Fundi aliyemchonga aliajiriwa amtukuze mfalme, lakini macho ya kila mtazamaji huenda kwa yule jike. Nabii Nahumu aliijua Ninawi kwa sifa hiyo, akauliza kwa dhihaka liko wapi sasa pango la simba. Mwaka 612 kabla ya Kristo mji huo ulivunjwa.

Ezekieli naye akawaimbia wafalme wa Yuda maombolezo: mama simba alilea watoto, mmoja akanaswa akapelekwa Misri kwa kulabu, mwingine akatiwa kizimbani akapelekwa Babeli. Simba wa Yuda kizimbani! Na huko Babeli mateka waliishi katika mji ambao njia yake kuu ilipambwa kuta zake kwa simba wa matofali yenye rangi, kazi ya mfalme Nebukadneza. Simba walikuwa wa Babeli sasa.

Danieli mnamjua, sitawachosha naye. Nitasema tu kwamba vitabu vya picha vinamchora kijana mwenye nywele nyeusi ndani ya tundu la simba, hali kwa hesabu ya kitabu chenyewe zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita tangu achukuliwe mateka. Alitupwa mle akiwa mzee. Hakupigana kama Samsoni, hakushika ndevu za mnyama kama Daudi. Simba walifungwa vinywa tu, na nguvu zao zilirudi asubuhi iliyofuata, washitaki wake walipotupwa pamoja na wake zao na watoto wao. Sehemu hiyo ya mwisho vitabu vya picha huiruka.

Hata mvivu ana simba wake. Mithali inamtaja akikataa kutoka kitandani kwa kisingizio kwamba nje kuna simba. Nani atambishia? Simba walikuwepo kweli.

Sasa ingieni Agano Jipya muone jinsi mnyama mmoja anavyotumika pande mbili. Petro anawaonya Wakristo kwamba Ibilisi huzunguka kama simba angurumaye, akitafuta wa kummeza. Ufunuo, sura ya 5, inamwita Kristo Simba wa kabila la Yuda. Sura ya 13 inaleta mnyama wa kutisha mwenye kinywa cha simba. Ukisoma harakaharaka utadhani wameshindana kunyang'anyana mnyama.

Ile sura ya 5 isomeni taratibu. Yohana anaona kitabu kilichofungwa kwa mihuri 7, na hakuna mbinguni wala duniani awezaye kukifungua, naye analia sana. Mzee mmoja anamtuliza: usilie, Simba wa Yuda ameshinda, atakifungua. Yohana anageuka amtazame simba. Anachokiona ni Mwanakondoo, amesimama, ana alama za kuchinjwa. Simba ametangazwa, kondoo ndiye aliyekuja. Na kuanzia hapo mpaka ukurasa wa mwisho, huyo Mwanakondoo anatajwa tena na tena, lakini jina la Simba wa Yuda halirudiwi hata mara moja.

Wafalme wa dunia hawakuipenda sana sehemu hiyo. Majirani zetu wa Ethiopia walikuwa na wafalme waliojitaja kuwa uzao wa Sulemani na Malkia wa Sheba, na wakajiita kwa jina la Simba wa Yuda. Haile Selassie alipovikwa taji mwaka 1930, simba alikuwa kwenye bendera, na Addis Ababa ikasimamishiwa sanamu ya simba huyo. Mwaka 1974 mfalme alipinduliwa. Sanamu ilibaki. Sijapata kusikia mfalme hata mmoja aliyechagua kujiita Mwanakondoo.

Mwenye Biblia nyumbani afungue 1 Wafalme 13 asome mwenyewe, polepole, mpaka pale penye barabara. Akigundua kwa nini simba hakumla punda, aje aniambie. Mimi ninalo jibu langu, ila nataka kusikia lenu kwanza.